Begi la Zeno Nililolibonyeza kwa Nje

Wewe unayejiandaa kupanda mlima, weka simu pembeni kidogo unisikilize. Nimewahi kumwona mtu anazidiwa na baridi huku anavua koti kwa sababu anasikia joto. Sikusimuliwa. Nilisimama mbele yake, mvua ya barafu inanipiga usoni, nikamtazama anahangaika na vifungo huku anacheka. Na begi lake, lile lililopaswa kumwokoa, mimi ndiye niliyelikagua.

Mimi ni mtoto wa Mollo, kijiji cha Ufipa. Nilikwenda Moshi nikiwa kijana kutafuta kazi ya Kilimanjaro, na nimestaafu huko huko. Nilianza kama mpagazi, au mgumu, kama tunavyoitana kule mlimani. Baadaye nikawa msimamizi wa mizigo: kupima, kukagua, kufunga, kuhakikisha kila anayepita getini ana kinachomtosha mpaka kileleni na kurudi. Sasa nimerudi nyumbani, nakaa Mazwi, na vijana wa hapa wakisikia nilikuwa mlimani wanakuja kuniuliza wabebe nini. Nawapenda kwa kuuliza. Mimi sikuuliza.

Aliyenifundisha alikuwa mkuu wa msafara aitwaye Elia, mzaliwa wa Marangu, mtu mfupi, mpole wa sauti, lakini ulimi wake ulikuwa unakata. Safari yangu ya kwanza nilifunga begi kama mtu anayehama nyumba: kinachopatikana kwanza kinaingia kwanza. Koti la mvua nikaanza nalo, likakaa chini kabisa. Siku ya pili mvua ikashuka. Nikapiga magoti kwenye tope, nikaanza kutoa shati, soksi, kandambili, sufuria, kila kitu kinalowa nikikitazama. Elia akasimama pembeni, mikono mifukoni, ndani ya koti lake kavu.

"Endelea tu kutafuta, Mfipa," akasema. "Ukifika chini utalipata, na wakati huo hutalihitaji tena."

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa. Tangu siku hiyo najua: cha kulalia kinakaa chini ya begi, kizito kinakaa katikati karibu na mgongo, cha mvua kinakaa juu ambapo mkono unakifikia bila macho. Nimejifunza mambo mengi kwa kuchekwa, na sioni aibu kukuambia. Lakini somo la Zeno sikulipata kwa kicheko.

Zeno alitoka Mwimbi, kwetu Ufipa. Kijiji chao nakijua, na mjomba wake tulikuwa tunasali naye parokia moja enzi hizo. Alipofika Moshi na barua ya mjomba wake mkononi, mrefu, kifua kipana, mabega ya mtu aliyelima tangu utotoni, nilifurahi kama nimepokea mdogo wangu wa tumbo moja. Nikamwombea kazi kwa Elia.

"Unamjua?" Elia akaniuliza.

"Ni ndugu yangu."

"Sijakuuliza hivyo."

"Namjua," nikasema.

Asubuhi ya safari, getini, wapagazi walipanga foleni. Kazi yangu ilikuwa kufungua begi binafsi la kila mmoja na kuona nguo za kubadilisha kwa macho. Nilifanya hivyo kwa wote kumi na wawili. Kijana mmoja wa Machame nilimrudisha kwa sababu ya soksi tu, akanitukana kwa Kichaga, nikamwelewa kwa sura. Ikafika zamu ya Zeno.

"Shikamoo kaka mkubwa."

"Marahaba. Nguo za kubadilisha umeweka?"

"Kaka, mimi nimezaliwa Ufipa." Akajipiga kifuani, na kile kifua kilikuwa kimefutuka, maana alikuwa amevaa mashati matatu, sweta, na koti zito la mtumba la kufika magotini. "Baridi naijua kwa jina. Hawa ndio uwakague."

Nikacheka. Nikaweka kiganja juu ya begi lake, nikalibonyeza. Lilikuwa laini, limejaa, linasukuma mkono kama sweta lililokunjwa vizuri. Nikampiga begani, nikamwambia pita.

Ngoja nikueleze kosa lilikuwa wapi, kwa sababu ni kosa letu sisi watu wa nyanda za juu, na wewe pia unalo hata kama hujui. Mtu wa Dar es Salaam anaogopa baridi, kwa hiyo anauliza, anasikiliza, anabeba kila alichoambiwa. Sisi hatuogopi. Tumekua nayo. Mwezi wa sita, umande unapoganda mabondeni, unafanya nini? Unavaa vyote ulivyonavyo, unakwenda kuvuna ulezi. Mwili unachemka, jasho linatoka, hakuna neno, kwa kuwa saa tatu jua limetoka, na ukirudi nyumbani kuna moto jikoni na mama anakuambia sogea. Kwa hiyo kichwani mwetu dawa ya baridi ni moja: vaa vyote, fanya kazi.

Mlimani hakuna jikoni. Jua linaweza kukataa siku mbili. Ukivaa vyote na kubeba mzigo, jasho litalowesha nguo ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mvua italowesha zilizobaki kutokea nje. Halafu utasimama kupumzika. Hapo ndipo utakapojua kwamba hukuvaa nguo, umevaa maji. Na begi halina kitu, kwa sababu vyote unavyo mwilini. Nguo uliyoivaa si akiba. Rudia sentensi hiyo mpaka ikuchoshe.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Oresta, mwalimu wa sekondari, alikuja hapa kwa bodaboda na begi lake. Yeye na walimu wenzake wanataka kupanda Kilimanjaro likizo hii. Nikamimina begi sakafuni. Zikatoka jinzi tatu, fulana za pamba nane, sweta la pamba, na viatu vipya vya kupandia, karatasi bado imo ndani. Nikashika kichwa.

"Babu, mbona umeshtuka hivyo? Jinzi ni nzito!"

"Lete beseni."

Tukalowesha jinzi moja, na kando yake suruali yangu nyepesi ya mazoezi, ile ya kitambaa cha kuteleza. Tukazikamua kwa nguvu zilezile, tukazitundika kivulini, tukanywa chai. Baada ya muda wa kikombe cha pili nikamwambia azishike. Suruali yangu ilikuwa na unyevu kidogo kwenye mishono. Jinzi ilikuwa inadondosha maji.

Akaishika mara mbili, kana kwamba imemsaliti. "Haiwezekani."

"Sasa ivae, utembee saa sita, jioni ulale."

Jaribio hilo fanya nyumbani kwako. Halihitaji mtaalamu. Mnadani, kwenye marundo ya mitumba, zipo nguo nyingi za aina hiyo ambazo watu wanazipita kwa sababu ni nyepesi mkononi: fulana za michezo, sweta laini za manyoya ya kiwandani, sweta za sufu za kweli. Chagua hizo. Pamba iache kwa ajili ya Jumapili. Na viatu vipya nilimwamuru Oresta avivae kutoka hapa Mazwi hadi shuleni kwake kila siku mpaka siku ya safari, watoto wamcheke wakitaka. Siku ya safari atavivaa ndani ya basi. Begi la kwenye buti linaweza kushuka Mbeya bila wewe. Viatu vilivyo mguuni havishuki bila wewe.

Turudi kwa Zeno. Siku mbili za kwanza alikuwa mfalme. Alitembea mbele ya wote, anapiga miluzi, mzigo wa mgeni kichwani kama kikapu cha mboga, anawaita wenzake wazee. Siku ya tatu tuliondoka kambi ya Shira kwenda Barranco. Ni siku ya kupanda sana halafu kushuka sana, mahali pa wazi, hakuna mti wa kukukinga. Saa tano mvua ikaanza. Saa saba ikawa vipunje vya barafu pamoja na upepo.

Mimi natembea nyuma siku zote, kuokota kilichoanguka na aliyechoka. Kwenye mteremko wa kuingia Barranco, pale inapoanza ile miti ya ajabu yenye vichwa kama kabichi, nikaona mzigo wa mgeni umekaa juu ya jiwe peke yake. Hatua kumi kando, Zeno ameketi chini. Niliwaza, amechoka, nimtanie.

"Ufipa imeishia hapa?"

Akanitazama, akacheka, na mate yakamtoka pembeni mwa mdomo. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa vifungo vya koti, vinateleza, vinarudi.

"Zeno, unafanya nini?"

"Joto, kaka." Maneno yalikuwa yanaburuzana. "Hili koti... joto. Nisaidie."

Nilimnusa mdomo. Nakuambia ukweli, jambo la kwanza nililofanya ni kumnusa, nikidhani kuna mtu amempa pombe. Hakunuka kitu. Nikamshika shavu: baridi kama sahani. Ndipo nikaona kitu kilichonifanya nipige kelele ambayo sijapiga tena maishani. Alikuwa hatetemeki. Mimi niliyekuwa mkavu ndani nilikuwa natetemeka, meno yanagonga, na yeye aliyelowa mpaka mfupa ametulia kama mtu aliyekaa kando ya moto. Kifungo cha kwanza kikatoka, akaanza na mkanda wa suruali, nikamshika mikono.

"Elia! Eliaa!"

Niliwaza jambo moja tu: nguo kavu. Nikamvua begi mgongoni, nikakata kamba kwa kisu, nikaingiza mikono yote miwili. Mkono wangu ukazama kwenye kitu laini, chenye maji. Nikautoa. Ulikuwa umejaa tope la kahawia.

Ulezi. Kilo kadhaa za unga wa ulezi, umefungwa kwa khanga, umelowa umekuwa uji. Mtoto wa watu alikuwa ameogopa kwamba ugali mweupe wa Moshi hautamshibisha, akabeba unga wa mama yake. Chini yake kulikuwa na fulana mbili za pamba, nazo zinachuruzika. Basi. Hicho ndicho nilichokibonyeza getini nikasema ni sweta. Nilikaa chini kwenye maji na ule unga mkononi. Mtu anakufa mbele yangu, na mimi nalitazama kosa langu kama ninayetambulishwa kwalo.

Elia alitokea mteremkoni anakimbia, wapagazi wawili nyuma yake na hema, godoro na jiko. Nikaanza kumsugua Zeno mikono.

"Acha! Usimsugue! Usimsimamishe! Vua zote, mlaze polepole."

"Alikuwa anavua mwenyewe nikamzuia..."

"Vua zote, nimekuambia! Nguo zako kavu ziko wapi?"

Zangu zilikuwepo, ndani ya mifuko miwili ya nailoni, juu kabisa. Tulitandika godoro kwenye mawe, wawili wakashikilia turubai la hema dhidi ya upepo, tukamvisha Zeno fulana yangu ya ndani, sweta langu, soksi zangu, kofia yangu. Elia akafungua mzigo wa mgeni, jambo ambalo mlimani hatufanyi kamwe, akatoa mfuko mzito wa kulalia, tukamwingiza. Halafu Elia akavua koti lake na shati, kifua wazi kwenye ile barafu, akaingia naye ndani, akamkumbatia.

"Leo nimeoa Mfipa," akasema, meno yanamgonga. "Wasije wakadai kwao sikutoa mahari. Chemsheni maji!"

Hakuna aliyecheka. Maji yakachemka, tukajaza chupa, tukazifunga ndani ya soksi tusimuunguze, tukaziweka kwapani na kifuani. Mpagazi mmoja akaleta chai akitaka kumnywesha, Elia akakataa: mtu asiyeweza kushika kikombe mwenyewe humwagii chai kooni, utamziba pumzi. Tukasubiri. Nilikuwa nimeshika kichwa cha Zeno mapajani, natazama midomo yake. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mama yake, na kila nilipofika kwenye neno "nilikagua" nilianza upya.

Muda ulipita sijui kiasi gani. Kisha kidevu chake kikaanza kucheza. Kidogo. Halafu mabega, halafu mwili mzima, anatetemeka kama gari bovu linalowashwa, mpaka Elia akawa anarushwa humo ndani.

"Anatetemeka!" Elia akapiga kelele kwa furaha. "Anatetemeka! Amerudi!"

Nililia wazi mbele ya watu. Kumbuka hilo, mwanangu: anayetetemeka bado anapigana, msaidie haraka. Aliyeacha kutetemeka kabla hajapata joto, huyo mpiganie wewe.

Zeno alifungua macho, akamwona Elia kifuani kwake, akanitazama kwa mshangao mkubwa. "Kaka," akasema, "huyu mzee anafanya nini humu?"

Asubuhi alikunywa chai mwenyewe, akaweza kutembea, wawili wakamteremsha. Alipoondoka, Elia akaniita. Begi la Zeno lilikuwa miguuni pake, unga umeanza kugandamana kwenye mishono.

"Nani alikagua begi hili?"

"Mimi."

"Ulilifungua?"

"Nililibonyeza."

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Akauliza kwa sauti yake ya chini: "Kwenu mnalima mahindi. Mnunuzi akija, ananunua gunia kwa kulibonyeza?"

"Hapana. Analichoma kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, anatoa punje kiganjani, anaziangalia."

"Kwa nini?"

"Hamjui aliyejaza gunia."

"Na huyu ulimjua," akasema.

Akaondoka. Nilibaki pale. Gunia la mahindi la mtu nisiyemjua ningelichoma, ningelitazama punje kwa punje. Maisha ya ndugu yangu niliyapitisha kwa kiganja, kwa sababu alikuwa ndugu yangu, kwa sababu alisema amezaliwa Ufipa, kwa sababu nami nimezaliwa Ufipa na niliipenda sentensi hiyo. Tangu siku hiyo hakuna begi lililopita mbele yangu bila kumiminwa chini. La mgeni, la mgumu, la Elia mwenyewe. Wapagazi waliniita Mzee Mimina. Waliokasirika walikuwa wengi, na wote walirudi nyumbani.

Mambo yamebadilika tangu wakati huo. Ile mifuko ya nailoni tuliyotumia imepigwa marufuku, na wageni wana mifuko ya mpira isiyopitisha maji, mizuri sana. Wewe wa hapa usihangaike. Ile mifuko ya kuhifadhia mahindi yasiliwe na wadudu, yenye nailoni mbili nzito ndani, iko katika kila nyumba ya mkulima. Toa nailoni zote mbili, zifute vizuri, jaza kila moja hewa, kaa juu yake. Isipotoa hewa, haitaingiza maji.

Zeno yupo Mwimbi, analima, ana watoto wakubwa. Hakupanda tena. Tulipoonana mwaka huu nilimwomba ruhusa niwasimulie vijana.

"Wasimulie," akasema. "Ila ile habari ya kuvua suruali iruke."

Nimeshindwa kuiruka, anisamehe.

Sasa simama. Nenda ulipo mkoba wako, mimina kila kitu sakafuni. Chagua seti moja: fulana ya ndani isiyo ya pamba, suruali ya ndani isiyo ya pamba, sweta, soksi nene, kofia, glavu. Ziweke kwenye nailoni nzima, toa hewa, sokota mdomo, ukunje, funga kwa kamba, kisha utie kwenye nailoni ya pili na ufunge vilevile. Ziweke juu, chini ya koti la mvua. Usizivae ukiwa unatembea, hata baridi ikubembeleze vipi. Zivae ukiwa ndani ya hema tu. Halafu mwite mtu mwingine, afungue begi lako na kuziona kwa macho yake, nawe ulifungue lake.